Kompresa ya AC Inayopiga Kelele: Namna ya Kuichunguza Kabla ya Kushuka Kitonga

Mkazi wa Mbeya, Makambako, Njombe au Iringa anaweza kumaliza miezi kadhaa bila kugusa kitufe cha A/C, kwa sababu hali ya hewa ya huku haimlazimishi. Anapopanga kushuka na familia kwa mteremko wa Kitonga kwenda Morogoro au Dar es Salaam ndipo anapokibonyeza tena, na chini ya boneti kinasikika kitu ambacho hakikuwapo: mkwaruzo, mluzi, mgongano wa chuma, au ngurumo inayopanda kila anapokanyaga mafuta. Ushauri anaopewa mara nyingi ni mmoja tu, kwamba azime AC, afungue vioo na aendelee na safari. Ushauri huo ni sahihi kwa baadhi ya kelele na ni wa hatari kwa nyingine.

Tofauti hiyo inatokana na jinsi kompresa ilivyoundwa. Nyuma kuna pampu inayoisukuma gesi. Mbele kuna puli inayozungushwa na mkanda muda wote injini inapowaka, AC iwe imewashwa au imezimwa. Katikati kuna klachi ya sumaku: ukibonyeza kitufe, umeme huingia kwenye koili, sumaku hulivuta bamba la mbele likashikamana na puli, na pampu ikaanza kuzunguka. Ukizima, bamba huachia na pampu hutulia, lakini puli huendelea kuzunguka juu ya beringi yake. Kwa hiyo pampu iliyochakaa unaweza kuipumzisha kwa kidole kimoja, ila beringi ya puli iliyochakaa huwezi. Ikikwama njiani, mkanda utaungua au utakatika, na katika magari mengi mkanda huohuo ndio unaozungusha alteneta, mara nyingi pamoja na pampu ya maji, na katika baadhi ya magari pampu ya usukani pia. Gari lililopoteza pampu ya maji halifiki mbali kabla injini haijachemka. Ndiyo maana nashikilia kwamba kelele inayosikika AC ikiwa imezimwa inastahili wasiwasi mkubwa kuliko ile inayosikika AC ikiwashwa, ingawa madereva wengi hufikiri kinyume.

Kuna aina mbili za magari ambazo maelezo hayo hayazihusu moja kwa moja. Ya kwanza ni yale yenye kompresa isiyo na klachi, ambayo pampu yake huzunguka muda wote na kitufe hubadilisha tu kiasi cha gesi inayosukumwa. Kwenye gari la namna hiyo huwezi kuipumzisha pampu kwa kuzima AC. Ya pili ni magari ya haibridi kama Toyota Prius na Aqua, ambayo kompresa yake huendeshwa kwa umeme wa zaidi ya volti 100 unaopita kwenye nyaya za rangi ya chungwa. Huko usiguse chochote. Sikiliza, andika ulichosikia, kisha umpelekee fundi aliyesomea haibridi.

Wakati na maandalizi

Fanya uchunguzi angalau wiki moja kabla ya safari. Kazi yenyewe haizidi saa mbili, lakini spea ndizo zinazochelewesha. Mkanda na beringi vinaweza kupatikana Mwanjelwa, jijini Mbeya, siku hiyohiyo, ilhali kompresa au kondensa (rejeta ya AC) ya gari lako hasa huenda ikabidi iagizwe Dar es Salaam na kupandishwa kama kifurushi cha basi, na ikija isiyofanana na ya kwako italazimika kurudishwa.

Chagua saa sita au saa saba mchana, jua likiwa limewaka. Asubuhi ya Juni au Julai mjini Mbeya au Mafinga haifai kwa kazi hii, kwa kuwa hewa yenyewe tayari ni baridi, na kihisi kinachozuia barafu kwenye evapareta (kipoza hewa kilicho nyuma ya dashibodi) kitaikata kompresa muda mfupi baada ya kuwaka. Utaona inawaka na kuzima haraka haraka na utadhani gesi imepungua, kumbe kihisi kinatimiza wajibu wake.

Unahitaji tochi, bisibisi ndefu yenye mpini mzito, chupa ndogo ya kupulizia maji, simu ya kupigia picha, na mtu wa kukaa kwenye usukani. Vua saa na pete, kunja mikono ya shati, na asiyefunga vizuri kanga au kitenge chake asiinamie injini inayowaka. Kumbuka pia kwamba feni ya umeme iliyo mbele ya injini inaweza kuanza kuzunguka bila taarifa.

Hakikisha kwanza kwamba ni kompresa

Sehemu hii hupuuzwa na wengi, na ndiyo inayowafanya watu wanunue kompresa wasiyoihitaji. Kuna vitu vinne vinavyoanza kupiga kelele pamoja na AC bila kuwa kompresa.

Cha kwanza ni feni ya ndani inayopuliza hewa kwenye dashibodi. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha ipandishe feni hadi kasi ya mwisho. Kelele ikiwapo, kompresa haihusiki, kwa sababu bila injini haizunguki kabisa. Fungua kisanduku kilicho mbele ya abiria, toa chujio la hewa, na mara nyingi utakuta majani makavu au mabaki ya kiota cha panya, hasa kama gari lilikaa muda mrefu chini ya mti.

Cha pili ni feni ya kondensa, yaani ile ya umeme inayopoza rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya maji. Katika magari mengi huwaka sekunde ileile AC inapowaka, na kwa hiyo lawama huiangukia kompresa. Mwambie msaidizi akanyage mafuta taratibu hadi mizunguko 2,000 kwa dakika. Kelele ya feni haitabadilika, kwa sababu inaendeshwa na umeme, lakini kelele ya kompresa itapanda na kushuka pamoja na injini. Kipimo hicho kimoja humaliza ubishi mwingi wa gereji.

Cha tatu ni mauntingi za injini. Kompresa ikishika, injini hupata mzigo, na kama mpira wa mauntingi umechoka, dashibodi nzima hutetemeka gari likiwa kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta), hasa kwa magari yenye injini ndogo. Ukikanyaga mafuta kidogo tu, mtetemo hutoweka. Hiyo si kazi ya fundi wa AC.

Cha nne ni bomba la gesi lililoachia kishikio chake na sasa linagusa bodi. Hutoa mvumo unaojitokeza kwenye kasi fulani tu ya injini. Zima injini, tafuta mahali ambapo alumini imesuguliwa ikang'aa, na urudishe kishikio. Usiliache vivi hivi, maana bomba linalosuguliwa hutoboka.

Sikiliza katika hali tatu

Hali ya kwanza ni injini ikiwaka na AC ikiwa imezimwa kabisa. Angalia na kitufe cha kuelekeza hewa kwenye kioo cha mbele, kwa sababu katika magari mengi mpangilio huo huwasha kompresa yenyewe hata kama taa ya A/C haionekani. Funga vioo, sikiliza ukiwa ndani, kisha toka usikilize mbele ya gari. Ngurumo kavu, ya kusaga, inayopanda pamoja na injini ni dalili ya beringi, lakini bado hujui ni ipi. Inaweza kuwa ya puli ya kompresa, ya alteneta, ya kikaza mkanda, ya puli ya kati au ya pampu ya maji. Weka ncha ya bisibisi kwenye kiwiliwili cha kila kifaa, sehemu isiyozunguka, kisha uegemeze mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Beringi nzima itatoa mvumo laini. Iliyokufa itakupigia mkwaruzo moja kwa moja kichwani, na hutahitaji kuuliza mara mbili.

Kama sauti ni mlio mwembamba wa mpira, puliza matone machache ya maji kwenye upande wa mkanda wenye mifereji, ukiwa umesimama mbali kidogo. Mlio ukikoma kwa muda kisha ukarudi, shuku puli ambazo hazijakaa kwenye mstari mmoja. Mlio ukiongezeka, mkanda unateleza kwa kulegea. Mafuta yaliyomwagikia mkanda hayatibiki kwa kufuta, kwani mpira uliokwisha kunywa mafuta hubadilishwa, baada ya kwanza kuziba mahali yanapotokea.

Hali ya pili ni sekunde ile kompresa inaposhika. Mlio mmoja wa "tak" pamoja na kushtuka kidogo kwa injini ni mambo ya kawaida. Si kawaida mkanda kulia kwa sekunde mbili tatu kila klachi inaposhika, kwa kuwa maana yake ni kwamba ama mkanda umelegea au pampu imekuwa nzito. Mkwaruzo wa bamba unaoambatana na harufu ya kuungua unaonesha klachi inateleza, ama kwa sababu nafasi kati ya bamba na puli imekuwa pana, au umeme unaofika kwenye koili ni hafifu. "Tak" inayojirudia kila baada ya sekunde chache mchana wa joto huelekea kwenye upungufu wa gesi: swichi ya shinikizo la chini inakata, shinikizo linapanda, inaunganisha tena. Kompresa inayofanya hivyo kwa mamia ya kilomita humaliza klachi yake kabla ya wakati.

Hali ya tatu ni AC ikiendelea kufanya kazi. Mwambie msaidizi awashe na kuzima mara kadhaa, akiacha nusu dakika kila mara. Kelele inayokuja na kuondoka sambamba kabisa na "tak" ya klachi imo ndani ya pampu, kwenye bamba, au kwenye bolti zinazoishikilia kompresa kwenye injini. Usitoe hukumu ndani ya dakika ya kwanza. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, na kompresa iliyokaa miezi bila kuzunguka inaweza kuguna kidogo mpaka oili irejee mahali pake. Ipe dakika kumi. Ikiendelea kugonga baada ya hapo, shida ni ya kweli.

Ule mfoko laini unaosikika nyuma ya dashibodi baada ya kuzima gari ni gesi inayosawazisha shinikizo la pande mbili. Hauna tatizo lolote.

Chunguza kwa mikono injini ikiwa imezimwa

Toa ufunguo, subiri injini ipoe. Kompresa hukaa chini kwa kawaida, kwa hiyo huenda ukalazimika kuiona kutokea upande wa tairi la mbele, na kama utanyanyua gari, liweke kwenye stendi. Jeki pekee haitoshi.

Kagua bolti za kuishikilia, kwani bolti moja iliyolegea hutoa mgongano unaofanana kabisa na pampu iliyokufa, na huponywa kwa spana ya dakika tano. Mulika uso wa klachi. Chuma kilichogeuka rangi ya buluu au kahawia kimeungua. Vumbi jekundu linalozunguka kitovu cha bamba ni chuma kinachosagika. Mafuta yaliyoshikana na vumbi mbele ya kompresa au kwenye maungio ya mabomba ni njia ambayo gesi inatorokea, na hapo ikumbukwe kwamba gesi ikitoka hutoka na oili. Mwenye gari anayeongeza gesi kila mwaka bila kuziba mvujo wala kurudisha oili anaikausha kompresa polepole, kisha anashangaa inapoanza kukoroma.

Zungusha bamba la mbele kwa mkono. Linapaswa kukubali kwa uzito wa wastani ulio sawa mzunguko mzima. Likikwama mahali pamoja, likisaga, au likizunguka bila uzito wowote, pampu imeharibika ndani. Nafasi kati ya bamba na puli hupimwa kwa geji za vipande vyembamba, na kwa magari mengi huwa kati ya milimita 0.3 na 0.7. Kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha gari husika.

Kama bado una shaka, toa mkanda. Upige picha kwanza, maana njia zake hazikariliki. Mkanda ukiwa nje, zungusha kila puli kwa kidole na kuitikisa huku na huku: isisage, isicheze. Kisha washa injini kwa sekunde 30 tu bila mkanda. Kelele ikiwa imetoweka, imo katika kimojawapo cha vifaa vinavyozungushwa na mkanda. Ikiwa bado ipo, iko ndani ya injini, na safari ya Dar es Salaam isubiri uchunguzi wa aina nyingine.

Gesi, geji na urefu wa milima yetu

Hapa ndipo kazi ya fundi wa Mbeya inapotofautiana na ya mwenzake wa Kariakoo, na ndipo kelele kadhaa hutengenezwa bila kukusudia.

Shinikizo la upande wa juu hutegemea sana joto la hewa inayopita kwenye kondensa. Kwa gesi ya R134a, iliyomo katika magari yetu mengi, namba ambazo mafundi wamezizoea kwenye joto la pwani ni psi (kipimo cha shinikizo) 25 hadi 45 upande wa chini na takriban psi 200 hadi 250 upande wa juu. Kwenye hewa ya nyuzi 17 upande wa juu utasoma pungufu sana ya hapo hata kama gesi imejaa inavyotakiwa. Asiyelizingatia hilo ataongeza gesi mpaka sindano ifike alikozoea kuiona. Gari litatoka gereji likiwa kimya na likipoza vizuri, litashuka Kitonga bila shida, na likifika kwenye joto la Ruaha Mbuyuni gesi iliyozidi itapandisha shinikizo kupita kiasi. Kompresa itaanza kuguna, mkanda utalia, au swichi ya usalama itaikata. Ikiwa sehemu ya gesi itarudi kwenye pampu ikiwa bado kimiminika, pampu itagonga, kwa kuwa kimiminika hakibanwi kama hewa. Mwenye gari atasema kompresa imemfia njiani, ilhali chanzo kilianzia kwenye mtungi wa gesi mjini kwake.

Dawa ni mzani. Kibandiko kilicho chini ya boneti huandika uzito wa gesi kwa gramu, na kwa magari madogo mengi huwa kati ya gramu 350 na 550. Fundi sahihi huitoa gesi yote kwa mashine, huivuta hewa iliyomo kwenye mabomba kwa pampu, kisha hupima uzito huo na kuuingiza. Ukiambiwa kwamba mzani hauhitajiki kwa sababu geji inatosha, tafuta fundi mwingine. Gari lililolala usiku likasoma psi 70 hivi pande zote mbili kwenye nyuzi 20 linakuthibitishia kwamba lina gesi, lakini halikuambii ni kiasi gani, kwa sababu maadamu kuna kimiminika ndani, shinikizo hufuata joto na si wingi.

Urefu wenyewe nao una neno. Mbeya mjini ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko imepungua shinikizo kwa psi 2.7 hivi ikilinganishwa na pwani. Kwenye usomaji wa kawaida tofauti hiyo ni ndogo. Inaonekana wazi wakati wa kuvuta hewa. Vitabu huandika kwamba sindano ishuke karibu na inchi 29 za vakyumu (utupu), ilhali Mbeya haiwezi kupita inchi 24.4, hata pampu iwe mpya. Mteja asimtuhumu fundi kwa hilo, na fundi asihangaike kutafuta mvujo usiokuwepo. Cha kutazama ni kama sindano inabaki palepale kwa robo saa baada ya pampu kuzimwa. Ikirudi, kuna tundu.

Usijaribu kufungua bomba la gesi mwenyewe ili "kupunguza kidogo". R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikigusa jicho au ngozi huigandisha papo hapo.

Jaribio la barabarani

Gari likiwa limesimama uwanjani halionyeshi kila kitu. Lipeleke kwenye mlima na kwenye joto. Kwa mtu wa Mbeya, safari ya kuteremka Inyala hadi Igurusi au Chimala mchana, AC ikiwa kwenye baridi ya mwisho, kisha kupanda kurudi Uyole, inatosha kabisa, kwa sababu bonde la Usangu lina joto na kupanda kunaipa injini mzigo. Mtu wa Iringa anaweza kutumia barabara ya Pawaga, au akashuka Ipogolo na kupanda mjini mara mbili. Makusudi ya jaribio ni kuiga hali ya kupanda Kitonga nyuma ya foleni ya malori wakati wa kurudi: mwendo mdogo, upepo kidogo kwenye kondensa, injini ikiwa na kazi nzito. Kompresa ambayo ilikuwa kimya kwenye sailensa huweza kuanza kulia hapo, na mara nyingi kisa huwa ni kondensa iliyojaa vumbi na wadudu au feni yake isiyozunguka. Ioshe kondensa kwa maji ya kawaida, si kwa mashine ya shinikizo kubwa inayolaza mapezi yake.

Uamuzi

Ngurumo inasikika AC ikiwa imezimwa, na umethibitisha ni beringi ya puli: usisafiri kabla ya kuibadilisha. Habari njema ni kwamba hitilafu hii ya hatari ndiyo nafuu zaidi kurekebisha, kwa kuwa katika kompresa nyingi zenye klachi, puli na beringi hutolewa bila kufungua mfumo wa gesi. Fundi akikwambia lazima ununue kompresa nzima kwa ajili ya beringi, muulize kwa nini, na usikilize jibu lake kwa makini.

Kelele imo ndani ya pampu na gari lina klachi: unaweza kusafiri bila AC, kwa sharti kwamba umechomoa waya wa klachi au relei yake ili kompresa isiweze kushika hata kwa bahati mbaya. Usiseme utaiwasha kidogo tu mkifika kwenye joto. Pampu inayojisaga hutawanya vumbi la chuma kwenye mabomba, na njia za ndani za kondensa za siku hizi ni nyembamba kiasi kwamba hazisafishiki vizuri. Leo unadaiwa kompresa, kesho utadaiwa kompresa, kondensa na vali ya kupanulia gesi. Kama kompresa haina klachi, uamuzi ni mwingine: usianze safari.

Anayesafiri bila AC ajiandae kwa ukungu. Kuondoka alfajiri kutokea Tukuyu au kupita Mafinga asubuhi na mapema, vioo hufunikwa na mvuke haraka, na kazi kuu ya AC huku kwetu ni kuukausha. Bila hiyo, elekeza hewa ya moto kwenye kioo, chagua hewa ya nje badala ya ile inayozunguka ndani, na ufungue vioo vya pembeni upana wa vidole viwili.

Ukilazimika kubadilisha kompresa, draya ibadilishwe pia, maana hunyonya unyevu mara mfumo unapofunguliwa. Kwa kompresa ya mtumba, kubali ile tu iliyokuja ikiwa matundu yake yamezibwa, zungusha bamba lake dukani, na umimine oili yake kwenye kitambaa cheupe. Oili ya kijivu au nyeusi, au inayometameta, ni sababu ya kuiacha hapohapo hata bei ikishuka. Aina ya oili imeandikwa kwenye kibandiko cha kompresa, na oili ya kompresa za haibridi haichanganywi na ile ya kompresa za mkanda.

Kelele ikianza mkiwa njiani

Weka mkanda wa akiba kwenye gari pamoja na spana yake. Kelele ikianza, zima AC na mpangilio wa kioo cha mbele, kisha sikiliza kwa dakika moja. Ikikoma, endeleeni na safari vioo vikiwa wazi. Isipokoma, tazama taa ya betri na geji ya joto la injini: taa ikiwaka au joto likianza kupanda, simama mahali salama na uzime injini mara moja, kwa sababu mkanda umekwisha kukatika au unateleza. Kama vyote viko sawa lakini ngurumo inaendelea, simamisha gari kwenye mji wenye fundi kabla ya kuingia mahali ambapo huwezi kushuka. Anayetoka Iringa aamue mambo hayo akiwa Mikumi mjini, kwani mbele yake barabara inakatiza ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50. Anayerudi kutoka Morogoro aamue akiwa Doma, kabla ya kuingia hifadhini.